Mariette, mama anayeifungia oili chafu kwa kufuli

Ijumaa, saa moja kasorobo asubuhi. Mafundi bado hawajafika, na ua wa gereji hii ya mjini Mbarara uko kimya. Mariette Mukarukundo amechutama mbele ya vichujio vya oili vilivyopangwa kichwa chini juu ya wavu wa chuma.

Vimelala hapo tangu jana, vikidondosha tone moja moja. Anakichukua kimoja, anakitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua mayai sokoni. Kinachonong'ona bado kina mafuta ndani, anakirudisha. Kilicho kimya kinakwenda kwenye sanduku.

"Hii ingali inasema," anasema peke yake.

Nje ya lango amesimama mzee mmoja kutoka Kabingo, dumu la lita tano mkononi.

"Nyabo, habari ya asubuhi. Mimi nataka oili ile chafu. Kidogo tu. Kupe namaliza ng'ombe yangu."

"Hatutoe, muzee."

"Ile takataka? Wewe nafunga takataka na kufuli?"

"Ninafunga, muzee."

"Basi mimi nalipa."

"Hata ukilipa."

Mzee anacheka kicheko kisichofika machoni. "Ng'ombe nakufa, na oili nalala ndani ya nyumba yake kama bibi harusi!" Anageuza dumu lake na kushuka na barabara.

Mariette anamtazama mpaka anapotea. "Huyo sijui hata jina lake, haniumize," anasema. "Kule Nakivale, benye kuniambia hivyo ni batu nilikula nabo."

Gereji hii huhudumia magari ya kampuni moja ya ng'ambo, na kampuni hiyo inataka kujua kila kinachotoka tumboni mwa magari yake kinakwenda wapi. Anayejua ni Mariette, mwenye umri wa miaka 49, mkimbizi kutoka Kivu Kusini na mtunza ghala la taka.

Oili chafu huingia kwenye mapipa yaliyosimamishwa ndani ya beseni la saruji, ili pipa likipasuka udongo usionje hata tone. Betri kuukuu hukaa juu ya mbao, kamwe si chini. Matambara yenye grisi yana pipa lake lenye mfuniko. Maji ya kuoshea magari hupita kwenye shimo la vyumba vitatu. Oili huelea juu, na Mariette huiengua kwa upawa mrefu, taratibu, kama anayeengua povu la maharagwe.

Nyuma ya ukuta kuna mtaro unaoteremka hadi mto Rwizi, na mji unakunywa maji ya Rwizi. Kila baada ya miezi mitatu lori huja kuchukua kila kitu, kikiwa kimepimwa kwa kilo. Hesabu ya kilo hizo huvuka bahari hadi kwa kampuni.

"Zamani sisi namwaga tu pale nyuma," anasema Bonaventure Tumwine, msimamizi wa gereji. "Majani nakufa, hakuna mtu nauliza. Sasa kampuni nauliza. Lakini huyu mama ni mkali kuliko kampuni! Siku moja mimi nataka kikombe, kikombe kimoja tu, kwa bawaba ya mlango yangu. Alinitazama mpaka mimi nasikia haya."

Kwa kazi hiyo Mariette hupata shilingi 230,000 kwa mwezi. Elfu sitini ni kodi ya chumba anacholala peke yake. Mumewe alifia Fizi kabla Mariette hajavuka mpaka mwaka 2004. Bintiye wa pekee, Grâce, alipelekwa na mume wake kuishi nchi ya baridi miaka miwili iliyopita. Hupiga simu Jumapili, mtandao ukikubali.

Kwake hasa ni Nakivale, makazi ya wakimbizi, kwenye kiwanja alichopewa alipotoka kituo cha mapokezi cha Kabazana. Huenda huko kila Jumamosi ya pili. Na huko ndiko upweke wake ulikoanzia.

Anayeijua Nakivale anawajua mchwa wake. Unasimamisha nguzo leo, mwakani unaisukuma kwa kidole. Mchwa hula nyumba kwa ndani, kimyakimya, wakikuachia ngozi ya nje ikudanganye. Kitu kimoja tu wakimbizi walikiamini dhidi yao: oili chafu, waliyoiita vidanji.

Mariette alipoajiriwa mwaka 2009 kama mfagizi, oili ilikuwa bure. Kila alipokwenda nyumbani alibeba dumu moja, mara nyingine mawili. Watu walipaka nguzo, wakapaka miguu ya vitanda, wakapaka ng'ombe. Walimpa jina: Mama Vidanji.

"Nikishuka tu kwa pikipiki, batoto banakimbia, 'Mama Vidanji! Mama Vidanji!' Chai niliikuta imeshapikwa. Sikuwahi kula peke yangu. Mafuta ile ilinipa batu mingi."

Mwaka 2011 wakaja wageni wa kampuni na kanuni mpya. Mmoja alidondosha kijiko kimoja cha oili kwenye beseni la maji, akawaambia wafanyakazi watazame. Mariette alitazama ikitambaa mpaka ukingoni. Alivutiwa, akatikisa kichwa, na Ijumaa ile akabeba dumu lake kama kawaida.

Safari hiyo dumu lilikwenda kwa Pélagie, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane aliyemzidi miaka kumi. Pélagie alipaka nguzo zake zote. Likabaki dumu tupu, na kambini dumu halitupwi. Dumu ni mali. Bila dumu huna maji.

"Aliniuliza kama linaweza kuteka maji," anasema Mariette, na sasa anazungumza polepole. "Nikamuambia mimi mwenyewe: osha na majivu na muchanga, litatakata. Nilisema kama mwenye kujua."

Juma hilohilo mjukuu wa Pélagie, Bienfait, aliyekuwa na miaka mitatu, alianza kutapika. Alilazwa siku nne kwenye zahanati ya Base Camp, kituo kikuu cha makazi hayo. Hakuna aliyemwambia Mariette kwamba ni dumu. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Alikuwa ameiona oili ikitambaa kwenye beseni.

Mtoto alipona. Mariette hakubeba tena hata tone. Mwaka uliofuata kampuni ilipotaka mtu wa kushika ufunguo wa ghala la taka, hakukuwa na ubishi ni nani.

Lakini sababu hakumweleza mtu. Watu waliomngoja barabarani walimwona akishuka mikono mitupu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maneno yakaanza: amepanda cheo, amekuwa mzungu, anawanyima majirani hata uchafu. Chai ikaacha kupikwa. Watoto wakakua, na jina la Mama Vidanji likabaki kuwa la kumsimanga.

Mwezi Aprili mwaka huu, 2014, mvua ziliangusha ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Alipozigusa nguzo, zilibomoka mkononi kama mkate mkavu. Mchwa walikuwa wamemaliza kazi. Mlinzi wa mapipa tisa ya oili hakuwa na kikombe kimoja cha kulinda nyumba yake mwenyewe.

Nyumba kulala chini si jambo dogo. Wageni kutoka Kongo wamekuwa wengi Kabazana, na mwenyekiti wa kijiji alimwambia wazi: kiwanja kisicho na nyumba wala moshi kinaonekana ni cha mtu aliyehama, na hupewa mwingine. Isimame kabla ya mwisho wa Julai, la sivyo hatakuwa na neno la kumtetea.

"Nikipoteza fasi ile, Grâce akiuliza mama uko wapi, nitamuambia nini? Kwenye chumba cha watu?"

Kusimamisha nyumba si kazi ya mtu mmoja. Nguzo ishirini na mbili, mashimo, fito, udongo wa kukandika. Desturi inajulikana: mwenye nyumba hutangaza siku, hupika, na majirani huja na majembe. Mariette alitangaza Jumamosi ya kwanza ya Juni. Alipika sufuria nzima ya maharagwe, akaazima sahani kumi na mbili.

Hakuja mtu.

"Nilingoja mpaka jua likageuka. Niliona moshi kwa kila nyumba, nilisikia batu banacheka. Nikarudisha sahani, zikiwa safi vilevile." Anatazama viatu vyake. "Kurudisha sahani ndiyo ilikuwa ngumu."

Bonaventure alipopata habari, alimwita pembeni. "Mama, sikia. Chukua jerikani moja Ijumaa. Moja tu. Mimi sioni, mimi naangalia kule. Watu takuja, nyumba tasimama." Alikuwa na huruma ya kweli, na Mariette anasema alishika mpini wa jerikani. Alijua lingewaleta. Lingewaleta wote, wakikimbia.

Akaliweka chini. "Na bakimaliza kupaka, jerikani itaenda wapi?" alimuuliza msimamizi wake.

Badala yake, Jumamosi iliyopita alifanya jambo alilolikimbia miaka mitatu. Alibisha kwa Pélagie.

"Yaya," alimwita, kama wanavyomwita dada mkubwa, "nimekuja kukuambia kitu. Bienfait alipougua ile mwaka, ilikuwa bido yangu, dumu ile ya mafuta. Mimi ndiye nilikuambia majivu itatosha. Ndiyo maana sileti tena."

Pélagie alikuwa anapepeta mahindi. Hakuusimamisha ungo.

"Unafikiri mimi sina pua?" alisema. "Nilisikia harufu. Nilisikia siku ya kwanza, nikateka tu, kwa sababu bido nyingine ilikuwa imetoboka. Mafuta ulileta weye, maji niliteka mimi."

"Basi ulinikasirikia nini, yaya?"

Hapo ungo ulisimama.

"Siku nne, Mama Grâce. Siku nne nilikaa kwa zahanati na mutoto kwa magoti. Kila mutu alikuja. Hata wale bakorofi ba kule chini balikuja. Weye, mwenye tunagawana ukuta, haukuja kuniuliza mutoto amelalaje. Na alipopona haukuja. Batu banasema mafuta, mafuta. Mimi habari ya mafuta yako hainihusu!"

Mariette anasema alisimama pale asijue aweke wapi mikono. Miaka yote hiyo alidhani alifukuzwa na majirani kwa sababu ya kufuli. Kwa wengine, pengine. Lakini kwa yule aliyemhitaji zaidi ya wote, ni yeye aliyeufunga mlango, kwa hofu ya kutazamwa usoni.

"Jumamosi ijayo nitaanza nyumba," alimwambia Pélagie kabla ya kuondoka.

"Miguu inaniuma," Pélagie alijibu.

Jumamosi hiyo ni leo. Saa mbili asubuhi Mariette yuko kwenye kiwanja chake, amewasha moto mrefu mwembamba, na ncha za nguzo zimelala ndani yake. Baba yake alifanya hivi milimani kabla ya gari lolote kufika kwao: unababua mguu wa nguzo mpaka uwe mweusi kama mkaa, kina cha ukucha, ndipo unauzika. Mchwa hawapendi mkaa. Ni kazi ya subira. Ukiharakisha nguzo inaungua, ukichelewa inapasuka.

Anageuza nguzo moja, anasubiri. Anageuza nyingine. Watu wanapita njiani wakienda sokoni Base Camp. Baadhi wanasalimu bila kusimama.

Saa nne, Pélagie anatokea na kigoda. Hana jembe. Anaketi kivulini mwa ukuta uliobaki.

"Sikuja kufanya kazi," anatangaza. "Nimekuja kukaa."

"Karibu, yaya."

Anachungulia shimo lililo karibu naye. Kisha: "Shimo ile ni fupi. Unazika kuku ao unasimamisha nyumba?"

Mariette anaongeza kina. Punde Pélagie amesimama, akilalamikia magoti yake, ameshika nguzo isiyumbe huku mwenzake akishindilia udongo kwa mguu. Hakuna mwingine anayekuja. Mpaka saa tisa nguzo sita zimesimama, mbili zikiwa zimepinda kidogo.

Zimebaki kumi na sita, na hadi mwisho wa Julai kuna Jumamosi mbili tu. Mariette amekwisha kupiga hesabu hiyo. Kwa mwendo huu haitoshi.

Mpango wake ni kwenda kila Jumamosi sasa, ingawa nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 24,000, na kumwomba Bonaventure ruhusa ya Ijumaa mbili. Katika miaka mitano hajawahi kuomba hata siku moja. Mwenyekiti akipita akute kuta mbili na moshi, anaamini atakuwa na neno la kusema. Oili ataendelea kuifungia. Akiulizwa sababu, safari hii ataieleza, yote, hata sehemu inayomhusu yeye.

Ila kwanza kuna jambo la leo. Gari la kurudi Mbarara linaondoka saa kumi na moja. Mariette ananawa mikono, anaondoa majivu usoni kwa pindo la kitenge, anafunga kilo moja ya sukari kwenye karatasi. Anauliza, kwa sauti ya chini, kama anaweza kupita kumjulia hali Bienfait.

Pélagie anainua kigoda chake, anatangulia njiani.

"Yule amepona zamani, sasa anapiga mupira hata mvuani," anasema bila kugeuka. "Lakini kuja. Kuja umuulize amelalaje."