Mtegemezi Hayupo

Masinde alikuwa na kazi, tena kazi ya maana, ila haikuonekana. Mchana kutwa aliketi sebuleni kwake, mtaa wa Kefinco, akitengeneza kompyuta za watu wa mbali kupitia mtandao, huku mkewe Mideva akienda ofisini. Mama mkwe wake, Mwalimu Andati wa Lubao, aliyestaafu baada ya kufundisha Kiswahili maisha yake yote, hakuelewa kazi ya kufanywa na mtu aliyevaa kaptura. Siku aliposikia kuwa Mideva amemwandikisha mumewe kwenye bima ya kazini kama mtegemezi, basi, jina likapatikana. "Mtegemezi hajambo?" ndivyo alivyomuulizia kwa bintiye kwenye simu. Masinde alijichekesha, lakini neno lile lilimuuma, tena sana. Alitaka jambo moja tu, mama yule amhesabu kuwa mtu.

Kwa hiyo Mwalimu alipolalamika kwamba kompyuta yake inamgombeza, Masinde alivaa suruali ndefu, akachomekea shati, akafunga safari na mkewe. Angeweza kuitengeneza akiwa kwake, lakini Mwalimu alikataa katakata. Mkwe kuingia kwenye kompyuta yake, alisema, ni sawa na mkwe kuingia chumbani.

Na mkwe hamkaribii mama mkwe. Hamwangalii usoni, hampi mkono, haketi naye chumba kimoja. Mila ni mila hata kama tatizo ni la Windows. Masinde akawekewa kiti nje, nyuma ya nyumba, mgongo ukutani. Mwalimu akabaki ndani, pazia limeshushwa. Mideva akasimama ndani, dirishani, kompyuta mbele yake, awe mjumbe, ingawa wote watatu walisikiana vizuri kabisa.

"Mwambie mumeo," Mwalimu akaanza, "hii programu ya kuleta programu nyingine, ile uliyoniwekea, kila nikiifungua inaniandikia kwa rangi nyekundu: Mtegemezi hayupo. Python."

"Mama anasema..."

"Nimesikia," Masinde akajibu, masikio yakimchoma. Hata mashine!

"Nikaijibu, mbona yuko, ameketi hapo nje!" Mwalimu akacheka hadi akakohoa.

Python, ile lugha ya kompyuta, walikuwa wameshaiweka. Mideva ndiye aliyeiweka siku ile walipokuja kusalimia, kwa sababu programu ya Mwalimu ya kutungia mafumbo ya maneno haiendi bila hiyo.

"Fungua lile dirisha jeusi," Masinde akamwambia mkewe. "Andika python, acha nafasi, vistari viwili, halafu version."

"Imetoa namba."

"Basi ipo! Onyo ni la uongo."

"Mwambie nyekundu haidanganyi," Mwalimu akasema. "Mimi nimesahihisha kwa nyekundu tangu ujana wangu."

Masinde akaagiza Python iwekwe upya. Mideva akabonyeza, mashine ikasema imeshawekwa, na papo hapo onyo likarudi: mtegemezi hayupo. Lo! Jasho likaanza kumtiririka. Akishindwa leo, mama huyu ataimba jina lile mpaka kanisani.

"Muulize mama, hii programu yeye huifunganga?"

"Mwambie nabonyeza ule msalaba kila nikimaliza!"

"Na kompyuta, anaizimanga?"

"Kuzima ya nini? Naifunika kama kitabu."

Masinde akajipiga paja. "Haijawahi kufungwa! Ukibonyeza msalaba inajificha tu pale karibu na saa, kwenye pembe ya chini. Ilifunguliwa kabla Python haijaingia, kwa hivyo mpaka leo inatafuta kwa njia za zamani, haijui Python iliwekwa wapi. Mideva, kipicha chake kile, kibonyeze kwa kitufe cha kulia, uiambie itoke kabisa. Kisha uifungue upya."

Mideva akashika kazi. Mwalimu hakuwa mtu wa kungoja kimya.

"Na Kiswahili chenyewe kibovu! Mtegemezi ni yule anayetegemea. Hii Python ndiyo inayotegemewa na wenzake. Wangeandika kitegemewa. Aliyetafsiri hapa nampa sifuri, sifuri kubwa ya..." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mideva, nyinyi kule ofisini mashine zikikwama, mnamwita nani?"

"Si namwita huyu, mama? Bosi wangu hata hajui nambari ya fundi mwingine."

"Hm," akasema Mwalimu.

Kidogo tu, nyumba ikapasuka kwa vigelegele. "Imetoka! Nyekundu imetoka!" Furaha ikamlevya Mwalimu, mila ikamtoka kichwani. Akaikumbatia kompyuta, akachomoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuonyesha, na huyo, uso kwa uso na mkwe wake.

"Mama yangu!" Masinde aliruka kama aliyekanyaga siafu, akajitosa kwenye ua wa michongoma. Mwalimu akajifunika uso kwa kompyuta. Mideva naye akaketi chini kwa kicheko.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya kompyuta, bila kupitia kwa mjumbe.

"Mwanangu, umeumia?"

Tangu amwoe Mideva, Masinde hakuwahi kupewa neno moja kwa moja na mama yule, ila kwa kutumiwa. Miiba ilikuwa imemwingia mahali pasipotajika, lakini machozi yaliyomlengalenga hayakuwa ya miiba.

"Hapana, mama. Niko sawa."

"Basi tulia hapo kwanza mimi niingie ndani, ndipo utoke polepole uje ule. Nikikupoteza kwenye ua, nitamtegemea nani?"

Masinde akatulia. Angetulia humo hata mpaka jioni.