Mstari wa Saa Kumi

Marehemu wote ni watu wazuri. Sijapata kuhudhuria matanga yoyote hapa Bukavu ambako mtu alisimama akasema: huyu alikuwa mwongo, huyu alipenda sifa kuliko watu. Klabu yetu ya radio imekwisha kufa karibu yote, na kwa hotuba nilizozisikia, tulikuwa kundi la malaika waliofungiwa kwenye stoo ya parokia. Mimi bado niko hai, kwa hiyo naweza kusema tulivyokuwa.

Hatukuwa watangazaji. Tulikuwa watu wa kawaida waliopenda kuongea na watu wa mbali kwa mashine za kujitengenezea, kwa sauti au kwa Morse, ile lugha ya nukta na vistari, bila mshahara. Palikuwa na frère mmoja wa misheni, mtawa mwenye masikio makubwa, ambaye alikwea mikaratusi kufunga nyaya za antena akiwa na kanzu yake. Palikuwa na muuguzi wa mtaa wa Bagira ambaye hakuwahi kumaliza mazungumzo bila kuuliza hali ya hewa. Hao walikufa kwa uzee na maradhi, nikawalilia, nao nawasifu bila shida. Walibaki wawili ambao siwezi kuwakumbuka kwa utulivu: prezida wetu na fundi wa umeme.

Prezida alikuwa telegrafisti wa posta aliyestaafu. Abacost yake, ile suti ya Kizaire isiyo na tai, ilipigwa pasi hadi ukaogopa kumgusa. Ruhusa ya serikali ya kurusha mawimbi aliitia kwenye fremu chini ya picha ya Rais, na kila mgeni alionyeshwa karatasi ile kabla ya kupewa kiti. Alijua kazi, hilo sitamnyima. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye alisifiwa sana.

Fundi alikuwa kinyume chake. Aliongea kidogo, akacheka kwa pua. Alipopata kazi ya umeme kwenye kambi ya dhahabu upande wa Mwenga, alimwacha mkewe na watoto Bagira, akachukua mashine ndogo ya klabu na betri ya lori, akatuahidi kwamba kila dimanche, yaani Jumapili, saa kumi za alasiri atakuwa hewani. Na alikuwa. Aliandika kwa Morse, na mkono wake tuliujua wote: kile kistari cha mwisho wa kila neno alikivuta, kama mtu anayeburuta kiti. Watu wa Morse hawahitaji saini. Ukisikia mkono wa mwenzako, umemwona uso.

Mimi nilikuwa sekretari, mwanamke peke yangu, mwalimu wa hesabu. Kazi yangu ilikuwa kitabu cha klabu. Kila sauti iliyosikika iliandikwa humo mstari wake: tarehe, saa, alama ya kituo, yaani herufi zake za kuitwa hewani, jinsi ilivyosikika, na mwishoni jina la yule aliyekuwa kwenye mashine. Hatukuruhusiwa kuruka hata moja. Prezida alisema kitabu kile ndicho dhamiri ya klabu, na kwa bahati mbaya alisema kweli.

Tulikuwa na desturi yetu ya mazishi. Mwanachama akifa, dimanche inayofuata saa kumi tulimwita hewani mara tatu kwa alama yake, halafu dakika moja ya kimya. Wanachama wote, popote walipo, waliondoa mikono kwenye manipilateri, kile chuma kidogo cha kubonyezea Morse. Katika dakika ile hakuna aliyerusha chochote, hata kama Papa wa Roma angetuita. Ilikuwa desturi nzuri. Frère tulimzika hivyo, na nililia.

Ukafika msimu wa mvua, na fundi akakosa dimanche mbili. Kisha dereva wa lori akashuka kutoka Mwenga na habari kwamba transfoma ya kambi imelipuka, kwamba fonia ya kampuni, simu yao ya upepo, imeungua, na kwamba umeme umeua fundi wa umeme. Hakusema jina. Hakuna aliyemwuliza kama kambi ile ilikuwa na mafundi wangapi. Prezida alivaa kitambaa cheusi jioni ileile, akaanza kuandika hotuba.

Jumamosi mke wa fundi alikuja kwenye stoo tukiwa tunafagia. Nyumbani kwake watu walikuwa wamekwisha kukaa matanga, lakini yeye alikuwa na macho makavu.

“Miye sitalia bado,” alisema. “Muko na machine. Mumuite. Akikosa kujibu, njo nitajua amekufa.”

“Kesho tutamuita mara tatu, maman,” prezida alimjibu. “Mara tatu nzima. Kama iko, atajibu.”

Nilikuwapo, nimeshika ufagio. Nilijua kwamba ule si mwito. Ni sala. Anayemwita mtu hewani huita, huachia, husikiliza, huita tena, hata nusu saa. Sisi kwenye desturi yetu tuliita mara tatu mfululizo bila kupumua, kwa sababu maiti hasubiriwi. Mama yule hakulijua hilo. Prezida alilijua, na mimi nililijua, na wote wawili tulimwacha aende nyumbani na tumaini lake.

Nitasema pia jambo ninaloliona aibu zaidi. Jioni ile prezida aliniambia kwamba kesho nitaita mimi, kwa sababu sauti yangu ni safi na wageni watakuwa wengi: komisere wa zone, abbé wa parokia, wakubwa wa posta. Sikuwahi kupewa mashine mbele ya watu. Nilikwenda nyumbani nikapiga pasi kitenge kipya. Mtu amekufa, na mimi nachagua hereni.

Dimanche, stoo ilijaa. Mke wa fundi aliketi nyuma yangu, karibu hata nilisikia pumzi zake. Nilivaa visikilizio masikioni. Saa kumi na dakika tatu niliita alama ya mumewe. Mara tatu, mfululizo, kwa sauti safi. Prezida akainua mkono, na watu wote wakasimama kimya. Aliyekuwa na masikio hewani ni mimi peke yangu.

Mwanzoni ilikuwa mivumo tu, maana mawingu yalikuwa yamelala juu ya ziwa. Halafu, chini kabisa, dhaifu, nikasikia Morse. Alama yake. Kistari cha mwisho kikiburutwa. Alama yake tena, kisha alama yetu, kisha herufi ile moja ambayo kwetu maana yake ni: jibu, nakusikiliza.

Mkono wangu ulikwenda kwenye manipilateri. Ulifika karibu, kipande cha kidole hivi. Nikamtazama prezida. Alikuwa ameona, na alitikisa kichwa polepole, macho yake yakienda kwa komisere na kurudi kwangu. Kanuni ilikuwa kanuni: katika dakika ya kimya hakuna anayegusa. Mkono wangu ukarudi kwenye kitenge changu kipya. Fundi aliita mara nyingine moja, polepole zaidi, halafu hakuna kitu.

Dakika ilipokwisha nilimnong’oneza, “Papa Prezida, kuko mutu.”

“Ni parasites tu, makelele ya radi, madame. Mvua inakuya.” Akanivua visikilizio kwa mikono yake mwenyewe, akaviweka mezani, akatoa hotuba. Ilikuwa hotuba ndefu, na watu waliisifu.

Siwezi kumbebesha yeye yote. Mivumo ya radi haiburuti kistari cha mwisho, na mimi sikuwa mgeni wa mashine. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kukaa pale wageni walipoondoka, nikaita hadi giza. Nilikwenda kunywa fanta na wakubwa wa posta. Jumatatu baada ya shule ndipo nilipofungua stoo, nikaita, nikaachia, nikasikiliza, nikaita. Hakuna. Kwenye kitabu, mstari wa saa kumi wa jana yake ulikuwa mtupu. Niliutazama, nikafunga kitabu.

Wiki tano baadaye muuguzi wa kambi alifika Bagira na nguo za fundi na kijitabu chake. Mafundi wa umeme walikuwa wawili. Aliyekufa kwenye mlipuko ni mwenzake. Mume wa mama yule aliungua mguu, akalala kibandani na betri iliyokuwa inakwisha, barabara imekatika kwa mvua, akitaka kutuomba dawa. Alikufa siku kumi na moja baada ya sisi kumzika hewani.

Mama hakujua kusoma. Aliniletea kijitabu nimsomee. Kilikuwa na mistari michache ya penseli, na nilisoma kwa sauti ile ile safi: mguu umevimba, leo mvua, betri iko chini, nawakumbuka watoto. Nilipofika kwenye dimanche ile, paliandikwa: “Saa kumi wananiita. Mara tatu, bila kungoja. Nimejibu kwa umeme uliobaki. Hakuna mtu.” Mstari ule niliuruka. Nikafungua ukurasa mwingine.

Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Ile dimanche, ulisikia kitu?”

“Apana, maman. Sikusikia kitu.”

Alichukua kijitabu chake akaenda. Hakulia, wala siku ile, wala kwenye misa. Pale Bagira walimsema sana, ati mke gani huyu, labda ana mwingine. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu na sikusema neno. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi naona kuna kimya kingine ambacho hakina mshindo wowote, kinakaa tu ndani ya mtu kikimla.

Miaka minane ilipita, prezida akafa. Klabu ilikuwa imebaki watu wanne, na mashine moja nzima. Nilitumwa kumwalika mjane wa fundi kwenye dakika ya kimya, kama desturi ilivyotaka. Nilimkuta uani anachambua maharagwe. Alinipa kiti.

“Ule muzee alinidanganya mara moja tu,” alisema. “Amekufa, Mungu amupokee. Weye je?”

Niliokota punje moja ya maharagwe chini, nikamrudishia.

“Nilikuwa nakaa nyuma yako. Niliona mukono yako. Ilienda, ikasimama, ikarudia. Kama hukusikia kitu, mukono ilikuwa inaenda wapi?”

Aliingia ndani akatoka na kijitabu, kimefungwa kwenye kitambaa. Mtoto wake wa kwanza alipofika sekondari alimsomea chote, na ule mstari nilioruka alimsomea mara mbili.

“Ju ya nini hukuniambia kama unajua?” nilimwuliza. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

“Nilikuwa nangoja useme weye mwenyewe,” alisema. “Miaka munane. Unapita hapa, unanisalimia, unaenda.” Akarudi kwenye maharagwe yake. “Na kile kitabu yenu, chenye munaandikamo kila sauti. Iko wapi?”

“Iko kwangu.”

“Ulete.”

Nilirudi kesho yake nacho. Nilifungua mwaka ule, mwezi ule, nikakuta mstari umeningoja, mtupu kama nilivyouacha. Niliandika tarehe. Niliandika saa kumi na dakika nne. Niliandika alama ya mumewe, na mahali pa jinsi alivyosikika niliandika: hafifu, lakini wazi, hakujibiwa. Akaniambia nisome, nikasoma. Safari hii sikuruka.

Alinyoosha kidole chenye vumbi la maharagwe hadi mwisho wa mstari.

“Kuko fasi ingine hapa. Ya nini?”

“Ya jina ya mutu mwenye alikuwa ku machine.”

Hakuondoa kidole. Alisubiri tu. Niliandika jina langu, lote, lile la ubatizo na lile la kiasili, la otantisite, herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza.

“Basi alijibu,” alisema. “Mulimuita, na alijibu.”

Ndipo alipoanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha siku ya kwanza ya matanga, maharagwe yakamwagika uani. Majirani walikuja mbio kutoka nyumba zote mbili, mmoja na unga mikononi, wakiuliza nani amekufa. Yeye hakuweza kuongea, kwa hiyo walinigeukia mimi.