Mikono Iliyotangulia Moyo

Dobi alikuwa mama wa makamo aliyefua mashuka ya hospitali, na mdogo wake wa tumbo moja hakutaka hata kumsikia akitajwa. Siku mama yao alipozikwa, mdogo mtu alisimama mbele ya waombolezaji akamnyooshea kidole: "Mama amekufa kwa mkono uliokuwa ukimpikia!" Mkono wenyewe ulikuwa wa Dobi, maana ndiye aliyemuuguza marehemu mpaka pumzi ya mwisho. Tangu hapo majirani wakawa hawali chakula chake, na wengine wakimwona wanavuka barabara.

Kanisani aliulizwa mara kwa mara kama amesamehe. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Nimemwachia Mungu." Watu wakaitikia amina, naye akarudi nyumbani na kinyongo chake.

Kisha mdogo wake akapooza upande mmoja. Mumewe akafungasha virago, akamwacha. Shangazi yao, kikongwe mwenye mgongo mbovu, akabaki peke yake kumgeuza kitandani, akashindwa. Akajikokota hadi chumba cha kufulia, akamkuta Dobi katikati ya mvuke.

"Mwenzio anaoza. Ana kidonda mgongoni."

"Shangazi, mimi naomba. Mungu akitaka niende, atanilainisha moyo. Imani si kujilazimisha."

"Unasubiri akusukume kama mkokoteni? Alishasema tuwapende adui zetu. Usipotaka, sema hutaki. Usimsingizie Mungu uvivu wako!"

Dobi alibamiza shuka juu ya meza. "Na yeye aliponisingizia kifo cha mama, ulisema nini?"

Shangazi aliinamisha kichwa. Akaondoka.

Jioni Dobi aliomba apewe upendo. Haukuja. Kilichokuja ni picha ya kile kidole, na hasira ikampanda upya. Alinyanyuka na hasira yake hivyo hivyo, akabeba beseni, sabuni na mashuka mawili, akaenda.

Chumba kilinuka mkojo. Mdogo wake alimkodolea jicho.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukufua. Geuka."

"Usiniguse na mikono hiyo!"

"Ndiyo niliyonayo. Kama unayo mingine, ilete."

Alimgeuza bila kumbembeleza, akamsafisha kidonda, akamtandikia shuka kavu. Mgonjwa alimtukana tangu mwanzo hadi mwisho, naye akayajibu matusi mengine, mengine akayameza. Alipomletea uji, mdogo wake akafumba mdomo kama mtoto mkaidi.

"Sinywi. Utanimaliza kama mama."

Dobi alitamani kummwagia usoni. Badala yake aliinua kikombe. Akanywa mafunda mawili huku wanatazamana, kisha akakisogeza kwenye mdomo wa mdogo wake. Njaa haina ukaidi. Uji ukanywewa wote.

Ikawa kazi ya kila siku akitoka hospitali, na kila siku walizozana. Shangazi alipomuuliza kama moyo umelainika, alisonya. "Bado ni jiwe. Nalibeba tu, naenda nalo."

Siku moja, alipokuwa akimvisha gauni, mdogo wake aliongea akiwa ameukabili ukuta.

"Nilisema uongo. Niliona haya kwamba mimi sikuja kumuuguza mama hata mara moja."

"Najua."

"Ulijua, na ukaja?"

"Nilikuja nikiwa nakuchukia. Hata sasa sijui kama imeisha."

"Siwezi kuwaambia watu. Watanitema."

"Mimi walishanitema, na bado nakula," Dobi alisema. "Hilo sitakuchagulia, wala Mungu hatakufumbulia kinywa kwa nguvu. Inua mkono nikuvishe."

Mdogo wake akainua mkono ule mzima. Machozi yakimtoka, akasema shangazi aitwe, aje na majirani wawili.

"Nani na nani?" Dobi aliuliza kwa ukali, akifunga kishikizo cha mwisho.

"Unaowataka wewe."

Dobi alijifuta mikono, akatoka kwenda kuwaita.