Kitufe Chenye Mabwana Wawili

Ipo Sabato moja inayonijia, mwanangu, kila ninapowasha kompyuta katika nyumba hii ambayo siku hizi haina mtu wa kuniuliza naandika nini. Wakati ule nilikuwa nimemaliza chuo, nimeoa, na nilijua kila kitu. Ugonjwa huo hupona wenyewe, ila mimi ulinikawia.

Dada yangu Kerubo alikuwa ughaibuni. Hakuja kumzika mama, na Tata, ndivyo tunavyomwita baba huku Nyamira, hakuwa amesema naye tangu mazishi. Mchana ule alikubali hatimaye wazungumze kwa video. Lakini kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Basi nikaweka kompyuta juu ya kigoda, kizingitini. Yeye akaketi nje na koti lake la kanisani, mimi nikachutama ndani, nimenyoosha mkono kama mwizi wa sukari.

Nilitaka kuihifadhi sauti yake. Programu yangu ya kurekodi ilianza kwa kubonyeza kitufe cha F8. Ila kompyuta ilikuwa ngeni kwangu, nimeinunua mjini Kisii ikiwa imeshatumika, na juu ya F8 palichorwa kijindege nisichokijali. Kerubo alikuwa ndiyo kwanza anasema, "Tata, kuhusu mama..." Nikabonyeza.

Kumbe kwa programu F8 ni kurekodi, na kwa mfumo wa kompyuta ni kuzima mtandao, ndiyo maana ya kile kijindege. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe ni la mfumo: ulikinyakua kitufe kwanza, programu ikabaki haina habari. Sura ya Kerubo ikaganda, kisha ikapotea.

Tata akaitazama skrini tupu. "Amenikatia," akasema polepole.

"Hapana, Tata. Ni kitufe."

"Kitufe kina kisa gani na mimi?"

Nami, badala ya kumjibu, nikaanza kumweleza mfumo ni nini na programu ni nini, huku nikipekua mipangilio, kana kwamba niko mbele ya darasa.

"Wewe msomi," akanikatiza, "huyo mtoto saa hii anadhani nimemfungia mlango. Sasa unamfundisha nani?"

Nikabonyeza F8 tena, mtandao ukarudi, nikampigia. Kerubo alipokea akilia. "Tata, umenikatia?"

"Aa, mama. Ni huyu ndugu yako, amesoma hadi vidole vikamshinda. Haya, niambie habari ya mama yako."

Wakaongea hadi ubaridi wa jioni ukapanda kutoka bondeni. Sikurekodi hata neno. Niliogopa kugusa chochote. Leo Tata hayupo, Kerubo bado yuko mbali, na sauti ile sina popote.

Basi sikia, mwanangu. Kitufe kikidaiwa na wawili, usikigongegonge kwa hasira. Kibonyeze pamoja na kile kilichoandikwa Fn, maana mara nyingi hapo ndipo programu hupata haki yake. Hilo likikuchosha, ingia katika mipangilio ya programu uipe kitufe kingine kisichodaiwa, kwa kuwa ni rahisi kumhamisha mgeni kuliko mwenye nyumba. Nami ndivyo nilivyofanya, baadaye, wakati hapakuwa na mtu wa kurekodi. Jaribu mambo hayo mapema, kabla mtu hajaketi mbele yako na neno zito kifuani. Na jambo likiharibika akiwapo, iache mashine. Mwambie kwanza aliye upande wa pili kwamba hukumkatia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta uliovuka bahari huuwezi.

Mungu akupe watu wa kuwapigia, mwanangu, na kila unapopiga, wapokee.