Siku Jenerali Alipogeuzwa Chali

Jamani, mkiniona siku hizi nawahi kuondoka sala za jumuiya zikiisha, msidhani nimegombana na mtu, ni aibu tu, na aibu yenyewe hakuniletea mtu, niliiita mwenyewe nikaikaribisha na kiti.

Mimi na Leokadia ni majirani hapa Nshambya tangu waume zetu wakiwa hai. Kibanja chake cha migomba na changu vimetenganishwa na miramura tu, ile mimea ya mpaka, na kila mmoja anafuga kobe mmoja (vibali tunavyo, tulivifuata pamoja, msianze). Wangu ni mkubwa, wa njano mwenye madoa, nikamwita Jenerali, maana mwenye mwili ule nani angemdhania jike? Wa Leokadia ni mdogo, mweusi, mpole, akaitwa Koku, jina la kike. Jenerali alikuwa hakosi kupenya chini ya miramura kwenda kwa Koku, nami nikicheka, nasema dume halitulii nyumbani. Hata mwaka juzi nilimkuta kwenye migomba ya Leokadia akichimba kwa miguu ya nyuma, nikamhurumia, nikasema jua limemzidi, anatafuta ubaridi.

Basi mvua za vuli zilizopita, Leokadia yuko anapalilia, akaona udongo unacheza, wakatoka watoto wa kobe, wengine wa njano kama kiini cha yai, wengine weusi kama buni kavu. Akaniita kwa furaha. Ningepiga vigelegele nikarudi kumenya ndizi zangu, mambo yangeishia pale. Lakini mimi nikawapiga picha wale wa njano tu, nikaituma kwenye kundi la jumuiya yetu nikiandika, "Jenerali amepata watoto, rangi haidanganyi." Pongezi zikamiminika, kichwa kikavimba, na jioni nikavuka mpaka na kikapu.

"Unakwenda wapi na hao?" Leokadia akaniuliza.

"Nachukua wangu. Huoni rangi ya baba yao?"

"Wametoka kwenye kibanja changu, Koku ndiye kazaa. Mtoto ni wa aliyepata uchungu, waitu, mwenzangu."

"Mtoto ni wa ukoo wa baba," nikamjibu, "na ukinisumbua nitachukua na weusi."

Akaninyang'anya kikapu. Miaka yote tumeazimiana chumvi na moto, siku ile hakunisindikiza.

Tata Deogratias, mzee wetu na mwenyekiti wa jumuiya, akasema tusiaibishane, tukishasali nyumbani kwa Leokadia tutasikilizana. Mimi kwa kutaka kushinda nikampigia simu afisa mifugo, binti mmoja mpole kutoka Kaagya, aje atoe ushahidi wa rangi. Nilimwita mimi, jamani. Na nauli ya bodaboda nikamlipia.

Siku ilipofika watu walijaa mikekani, sahani ya senene inazunguka, Jenerali na Koku wamewekwa katikati. Nikasimama. Mwanamke mimi nilisema! Nikasema tangu babu zetu mtoto hufuata baba, mama ni njia tu, anayebisha asimame. Hakusimama mtu. Tata Deogratias akaniuliza, "Kwa hiyo baba akijulikana, watoto wote ni wa mwenye baba, na wewe umekubali mbele yetu?" Nikajibu kwa sauti, "Nimekubali!"

Yule binti akamwinua Koku akamgeuza chali, akatazama, akamrudisha chini. Akamgeuza Jenerali. Akatabasamu kidogo, akasema rangi haina ushahidi wowote hapo, kobe hutaga mayai shimo moja akatoa watoto weusi na wa njano, na rangi zenyewe hubadilika wakikua.

"Ila huyu mweusi tumbo limebonyea na mkia ni mrefu. Huyo ndiye dume." Akamgusa wangu. "Jenerali ni mama yao, Mama."

Mawe, mama yangu! Kicheko kilichotoka mle ndani kiliwafukuza kuku uani. Mtu alipaliwa na senene, wengine wakalala chini, na Tata Deogratias akafuta macho kwa kofia yake akisema hukumu imeshatolewa na mlalamikaji mwenyewe. Kumbe ningenyamaza, ningekubali tu neno la Leokadia, wote wangekuwa wangu.

Leokadia peke yake hakucheka. Alininong'oneza nikiwa nimeshika kanga usoni, "Maneno yale si ndiyo kaka zako wa Rubya waliyokunyimia kibanja cha baba yako, eti mtoto wa binti ni wa ukoo mwingine? Si ulikuja kuyalilia kwenye mkeka huu huu?"

Hapo nililia kweli, si kwa ajili ya kobe. Sentensi iliyonitoa kwetu nikiwa na mfuko mmoja wa nguo, niliiokota siku niliyoona inanifaa, nikampigia nayo mwenzangu.

Watoto wamebaki kwa Leokadia. Wale wa njano wameanza kuiva weusi, weusi wanatoa madoa, ukiniuliza leo yupi ni yupi sijui. Mimi nimeapa sitasimama tena kusema mtoto ni wa nani, awe wa kobe, awe wa mtu.

Juzi asubuhi nimemkuta Jenerali anachimba kwa miguu ya nyuma, safari hii upande wangu wa miramura. Sikupiga picha. Nilivuka kwanza kwenda kumwita Leokadia.