Uzio wa Kuku wa Mama

Kiboko hali kuku. Nikiwaambia watu wa Kolwezi mjini kwamba kiboko ndiye aliyetuvunjia banda, wanacheka kwanza. Lakini nyumba yetu iko karibu na ziwa la Nzilo, na banda la mama lilisimama kati ya maji na bustani ya mahindi. Mnyama akitoka majini hufuata majani mabichi, na mbolea ya kuku ilikuwa imeyanenepesha majani yetu kuliko ya jirani yeyote. Hakujisumbua kulizunguka banda. Alipita katikati yake.

Asubuhi ya kwanza tulikuta mabati yamelala chini na kuku wamekanyagwa hadi kuzama matopeni. Mama aliwaokota mmoja mmoja, akawaweka kwenye beseni. Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi, mtu wa Kasai, na tangu alipofariki mama alikuwa akiishi kwa mayai. Hakutaka kuomba kwangu wala kwa yaya, kaka yangu mkubwa, ambaye siku hizo alikuwa amerudi nyumbani na mke wake baada ya kuachishwa kazi ya ufundi umeme mgodini.

Tulitafuta uzio wa bei tuliyoiweza. Tulianza na matawi ya miiba. Kiboko aliyakanyaga kama nyasi. Kisha tukanunua sokoni vipande vya ule ukanda mzito wa mpira unaobeba mawe mgodini, ukanda uliochakaa, tukavipigilia kwenye nguzo za mikaratusi. Ulidumu mwezi mmoja. Mvua kubwa zikalainisha udongo, mnyama akaegemea, nguzo zikalala zote upande mmoja, na kuku waliobaki wakapungua kwa nusu.

Ndipo yaya akasema, "Tutie umeme."

"Umeme wa nyumba?" nikamuuliza. "Utaua mtu."

"Hautaua. Mi nitaweka swichi ndani. Jioni nawasha, asubuhi nashusha. Mama hataingia mpaka nimemwambia."

Mama alikaa anachambua mchele, akasikiliza mpaka mwisho. "Mimi nawaamini batoto yangu," akasema. Nami sikubisha tena. Waya nilinunua mimi.

Yaya alifanya kazi safi. Waya mbili zililizunguka banda, na mlangoni aliacha kipande chenye ndoano ambacho mama alipaswa kukiondoa kwa mkono ili apite. Kila asubuhi yaya alishusha swichi, akapaza sauti, "Tayari, mama!" Mama alijibu, "Asante, tata," akimwita baba kwa mapenzi, kisha akaenda na ndoo ya pumba. Kiboko alikuja mara moja, akaguswa, akarudi majini, na hatukumwona tena msimu ule. Kuku wakaanza kutaga. Majirani wakaja kutazama, wengine wakamwomba yaya awafungie na wao.

Umeme wetu ulikuwa wa kuja na kwenda, ingawa nyaya kubwa kutoka bwawa la umeme zilipita juu ya vichwa vyetu. Siku ile ulikuwa umekatika tangu jana yake jioni, swichi ikiwa imeshawashwa. Yaya alikuwa na homa, bado kitandani. Mimi nilikuwa jikoni napuliza makaa. Mama akasimama mlangoni na ndoo yake.

"Kaka yako hajaita."

Nikatazama taa iliyoning'inia juu yangu. Ilikuwa imezimika. "Umeme haiko, mama. Enda tu."

Akaenda.

Nikamimina maji kwenye sufuria. Taa ikawaka. Nasema ukweli: nilifurahi. Simu yangu ilikuwa imezima, nikaichukua nikaichomeka ukutani, nikasubiri mpaka nione alama ya kuwa inapokea. Ndipo kuku wakapiga kelele wote kwa pamoja.

Nilikimbilia swichi. Nilipofika bandani mama alikuwa ameanguka kwenye matope na ndoano mkononi, pumba imemwagika, na kuku waliokuwa nje walikuwa wanaila pembeni yake. Yaya alikuja bila shati, akampiga kifua, akampulizia, akampiga tena, mpaka mke wake akamshika mikono.

Kwenye msiba mjomba wetu, ndugu wa mama, alisimama mbele ya watu wote. "Umemuua mama yako kwa sababu ya kuku," akamwambia yaya.

"Ndiyo, mjomba," yaya akajibu.

Nilikuwa nimeshika sinia ya chai. Nikaendelea kugawa.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilimkuta yaya akikunja waya. Nikamwambia yote: maneno yangu mlangoni, taa, simu. Aliendelea kukunja.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa macho. Swichi iko hatua nne kutoka kitandani. Nikajiambia, umeme haiko, nitaamka baadaye."

"Nitamwambia mjomba."

"Usimwambie. Amchukie mmoja wetu, inatosha."

Mwisho wa mwezi yeye na mkewe walihamia Sandoa, kulima mihogo kwa wakwe. Kuku wakabaki na mimi. Hakuna aliyetaka kuwanunua, wala mimi sikuweza kuwachinja. Vijana wawili wachimbaji waliopanga chumba kwa jirani, wanaotoa kobalti kwa sururu na chepeo, waliliona banda likiwa wazi. "Mama, kiboko hajui kuruka," mmoja akaniambia. "Mtaro wa kufika kiunoni, kingo zisimame wima, basi. Sisi kazi yetu ni kuchimba." Walichimba siku tatu, nami nikawapikia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo. Hawakutaka kingine. Kiboko alifika hadi ukingoni, tukaona nyayo zake, akageuka. Nilikaa kando ya mtaro ule nikalia kuliko nilivyolia siku ya msiba.

Mwaka uliofuata nilienda kwa mjomba nikamweleza. "Na sasa unaniambia nifanye nini?" akauliza. Hajakanyaga kwangu tangu siku ile.

Wiki hiyo hiyo yaya alipiga simu. "Mjomba amenipigia," akasema. "Ameniomba msamaha. Mbona umesema?"

"Nilichoka, yaya."

Kisha akaniambia mvua za Sandoa zimezidi, mihogo inaoza ardhini kabla haijakomaa. Nikamuuliza kama wamejaribu kuipanda kwenye matuta. Akasema wamejaribu.