Mke Wangu na Meli Iliyozama

Siku hizo michai ya Kericho ilikuwa bado inatufika magotini, na mimi, mtu wa ziwani, nilikuwa naoza kwa ukungu. Nikianza habari za meli ndogo ya chuma iliyozama karibu na ufuo wa kwetu, wenzangu wa laini, zile nyumba za wachuma chai, walicheka: huyu naye ameanza. Aliyesikiliza ni mke wangu tu, mwenyeji wa upande wa Chebunyo, ambako samaki hakuwa chakula, alikuwa ndugu wa nyoka.

Nilitaka tuhamie ziwani. Alikubali kwenda kuangalia. Kukaa, angeamua akishaona.

Nikampeleka kwenye ile meli. Kwetu mzamiaji alijifunga kamba kiunoni, na mtu wake wa karibu akaishika ufuoni. Nilimpa yeye. Aliishika kama kwao wanavyoshika kamba ya ndama: ikikaza, ndama yupo, ikilegea, ameponyoka.

Nikajaza pumzi, nikazama. Raha iliyoje! Konokono walijaa milangoni, furu wa bluu na wekundu wakiingia na kutoka madirishani, na kambare mmoja mnene alilala jikoni kama mwenye nyumba. Kamba ikanasa kwenye chuma, nikaifungua. Mpaka leo nasema ilinasa. Niliibukia upande wa pili, nikavuta pumzi, nikazama tena, na tena.

Nilipozunguka kurudi, nilimkuta amesimama majini hadi shingoni, yeye asiyejua kuogelea, kamba tupu mkononi, analia kwa lugha yao. Nikacheka, nikidhani naye atacheka.

“Wewe mtu ya maji, mimi nilijua umekufa,” akasema. “Kumbe uko na furaha.”

“Kamba ilinasa.”

“Wacha kamba. Naangalia uso yako. Kule kwa chai hakuna siku umekuwa na uso kama hii.”

Alisema kweli, na iliniuma, maana furaha ile nilitaka tuigawane.

Asubuhi alifunga mzigo wake, akarudi kwao. Ningeweza kubaki ziwani. Lakini nilipanda tena Kericho, kwa sababu huko ndiko angenipata kama angebadili nia. Nilikaa nikipika ugali wa mtu mmoja hadi nywele zikaota mvi. Hakuja.